Injini Iliyoota Mpunga

KIBITI, Juni 1994

Fundi Zaidi Mketo ameng'ata fimbo. Ncha moja iko katikati ya meno yake, ya pili ameigandamiza kwenye ubavu wa injini, na macho kayafumba. Ni saa nne asubuhi, jua limeshakolea barabarani, na gereji yake ya mabati machache imejaa watu wanaotaka kusema wote kwa pamoja. Anainua kidole kimoja. Wananyamaza.

Fimbo ni ya mkoko, urefu wa mkono. Zaidi ana miaka thelathini na sita, na sikio lake la kushoto halisikii tangu alipougua surua utotoni, kwa hiyo injini huzisikiliza kwa meno. Huku mkono wake mmoja ukizungusha puli polepole, meno yanapokea kila mkwaruzo wa ndani.

"Sikio linadanganywa na kelele za nje," anasema akishaitoa fimbo mdomoni. "Jino halina huruma. Linakwambia kilichomo."

Leo kuna shauri kubwa. Mitesh Jivanji, kijana wa duka la vitambaa na misumari lililo mkabala na gereji, anaunda gari la mbio. Si mzaha. Bodi ameipata bandarini Dar es Salaam ikiwa tupu: viti viwili, pua ndefu, tumbo karibu liguse ardhi. Kwa barabara zetu za mchanga, gari hilo ni kujitafutia balaa kwa fedha zako mwenyewe. Lakini Mitesh anataka kulipeleka kwenye mashindano ya Dar mwakani, na kilichobaki ni moyo wa gari.

Injini tatu zimewekwa juu ya magogo. Ya kwanza ni ya Peugeot 504 iliyouzwa kwenye mnada wa magari ya serikali. Ya pili ni ya Toyota, silinda nne, imetumika Japani kabla ya kufika huku. Ya tatu ni silinda sita za mstari, ndefu kama benchi la msikitini, iliyonunuliwa Nyamisati kwa mtu aliyesema imetoka Dubai kupitia Unguja.

"Sita ni sita," anasema Mitesh. "Ukikanyaga, inaitika. Hizo nyingine mpaka uzibembeleze."

"Umechemsha, Mitesh," anamkatiza Mwalimu Sihaba, anayefundisha hesabu shule ya msingi na ambaye hununua kila gazeti la magari linalofungiwa mitumba. "Silinda nne ile ina vali kumi na sita. Nyepesi. Gari lako likiwa zito puani, kona ya kwanza tu tunakuokota kwenye mikorosho."

Ally, dereva anayepeleka kamba wa Nyamisati sokoni Dar, anacheka mpaka anakohoa. Yeye ni mtu wa Peugeot, damu na nyama. "Nyie wote hamjalala porini na gari bovu. Mimi nataka injini ninayoweza kuifungua kwa spana mbili na kisu cha kukatia mkate. Hiyo ya vali kumi na sita ikikugomea Mkuranga, utamwita Mjapani?"

Wanabishana hivyo siku ya tano sasa. Zaidi hachangii. Ameirudia ile ya silinda sita, na uso wake umekaa vibaya.

Gereji hii humwingizia kama shilingi elfu thelathini kwa mwezi, masika yakiwa mema. Barabara ikikatika anaweza kukaa wiki sita bila kushika hata klachi, wakala mhogo yeye na watoto wanne. Kazi ya Mitesh ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Hana sababu ya kutafuta kasoro.

"Mwalimu," anaita kwa sauti ndogo. "Njoo uone kitu hiki. Macho yako ni mazima kuliko yangu."

Sihaba anainama kwenye tundu la kutolea moshi, anaingiza vidole viwili, na anavuta uzi. Mweupe, mwembamba, una vinywele. Anavuta mwingine. Halafu linakuja fundo zima lenye tope jeusi, na harufu ya bonde inajaa gerejini.

"Mizizi," anasema. "Mizizi ya mpunga."

Ally ndiye aliyeuliza, ila sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Dubai wanalima mpunga?"

*

Kumwelewa Zaidi ni lazima kurudi nyuma, enzi za vibali, wakati kipuri cha gari kilitafutwa kama dawa ya mgonjwa mahututi. Wazazi wake ni Wamatumbi walioshuka kutoka vilimani kusini. Alipofika Kibiti akiwa na miaka kumi na tisa, alipokelewa na fundi mmoja mrefu, mkimya, aliyeitwa Sadala.

"Alinifundisha kila kitu, hata kula," anasema Zaidi. "Alisema fundi asile haraka, mikono itazoea kuharakisha."

Sadala alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni mwendo. Miaka minane aliokota vipande kutoka kwenye mikweche ya Mkoa wa Pwani mpaka akaunda gari lake, Datsun iliyotiwa injini ya silinda sita. Tundu moja la maji ubavuni mwa injini lilikosa kizibo cha chuma. Zaidi akachonga cha mti wa mkandaa, akakichemsha kwenye mafuta ya nazi na kukipigilia. Akakichanja mara tatu kichwani, ili siku chuma kikipatikana kisu kipate pa kushika.

Aprili 1990, mto Rufiji ukiwa umefurika, Sadala aliondoka Kibiti baada ya sala ya alasiri. Alisema anakwenda kivukoni Ndundu, avuke, akalijaribu gari kwenye ile barabara iliyonyooka upande wa kusini. Watu wa Ikwiriri walimwona akipita kwenye mvua. Baada ya hapo hakuonekana tena. Wahusika wa kivuko walisema hawakumvusha. Mto ulipigwa nyavu siku tisa, na wala gurudumu halikupatikana.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu hawezi kuzama na gari zima bila kuacha hata kofia, walisema. Wazee wakamwita Zaidi, kwa kuwa ndiye aliyemwandalia safari.

Zaidi akasema alichokijua: kwamba mwalimu wake alimwamuru ajaze tenki mpaka juu, aongeze na madumu mawili. Kwamba alichukua tairi la akiba. Kwamba aliagana naye kwa kumshika mkono, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Nilisema kweli tupu," anasema Zaidi. "Lakini niliisema kwa hasira. Niliona ameniacha. Wakaniuliza, wewe waonaje? Nikasema, naona amekwenda."

Neno hilo moja likatosha. Mjini ikajulikana kwamba Sadala yuko Muskati, Uarabuni, ana mke mwingine na gereji ya vioo. Aliyebaki na mzigo ni Mwamvua, mkewe. Tanga halikuwekwa, hitma haikusomwa. Sheikh alisema hawezi kumhukumu mtu kuwa amekufa ilhali kuna ushahidi wa safari. Mwamvua, ambaye leo ana miaka arobaini na mbili, akawa si mke wala si mjane. Aliposwa mara mbili na mara mbili akawarudisha watu. Akicheka harusini, wanawake husema ana habari za Muskati. Akinuna, husema vilevile.

"Miaka minne naulizwa mume wangu hajambo," anasema. "Nami najibu hajambo. Ningejibu nini?"

*

Siku ya mizizi ilikuwa Alhamisi. Zaidi aliwaambia mashabiki wake waende majumbani, akamwaga dizeli kwenye silinda zote sita ili kutu ilegee, akaacha spana ndefu imesimama wima kwenye puli ya mbele. Injini ilikuwa ikizunguka robo tu, kisha inakaza kama mtu aliyegoma kusimulia.

Ijumaa walikwenda msikitini wote isipokuwa Mitesh, aliyebaki dukani kwao akiitazama gereji kupitia mlango ulio wazi. Anaapa hakuna aliyeingia. Anasema wakati wa hotuba, mtaa ukiwa umetulia kabisa, alisikia pumzi. Si mlio wa chuma. Pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo.

Zaidi na Ally waliporudi, spana ilikuwa imeelekea chini. Injini imegeuka yenyewe nusu mzunguko, na dizeli iliyochanganyika na tope ilikuwa ikidondoka kwenye matundu ya plagi, tone kwa tone.

"Kutu imeachia," alisema Zaidi. "Uzito wa spana umeishusha, hewa imetoka. Ndiyo kazi ya dizeli hiyo."

Maelezo yalikuwa sahihi, na hakuna aliyetulia kwa kuyasikia. Ally alikataa kuigusa. Mitesh alisimama kizingitini akasema, "Fundi, kama ina jini tuirudishe Nyamisati, mimi fedha nasamehe."

Zaidi alichukua tambara, akaanza kusugua tope ubavuni. Chini ya tope kulikuwa na duara la mti, jeusi, gumu kama pembe. Lilikuwa na chanjo tatu.

Aliketi chini. Ally anasimulia kwamba mkubwa mzima yule alikaa juu ya mchanga wenye oili na kanzu yake ya Ijumaa, asijali, akaanza kusema, "Mwalimu. Mwalimu wangu." Mpaka leo, anasema Ally, hataki kuikumbuka sauti ile.

*

Mwamvua aliitwa Jumamosi asubuhi. Zaidi alikwenda mwenyewe kumchukua, kwa kuwa hakutaka habari imfikie kwa mdomo wa mwingine.

"Shemeji," alimwambia, "injini ya Sadala iko gerejini kwangu. Ilikuwa chini ya udongo. Inaweza kutuambia kama gari liliingia majini likiwa na mtu ama lilisukumwa tupu. Lakini sitaifungua bila wewe kutaka. Ukitaka tuiache hivi, nitaizika mimi na kufunga mdomo."

Jambo lenyewe ni rahisi kwa anayejua injini, na Zaidi alilieleza kama alivyofundishwa. Injini iliyozimwa ikisukumwa mtoni, maji huingia polepole, hayavunji kitu. Iliyo katika mwendo huyavuta maji kama ivutavyo hewa. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Basi pistoni inapopanda, hukutana na kitu kisichorudi nyuma, na mkono wa chuma unaoibeba, ule mafundi wanaouita konrodi, hupinda. Konrodi ikipinda huwa fupi, na pistoni yake haifiki tena juu.

Kwa maneno mengine, ikiwa imenyooka, kuna mtu aliyelisukuma gari majini akaenda zake, na maneno ya Muskati ni kweli. Ikiwa imepinda, mguu wa Sadala ulikuwa kwenye mafuta.

Mwamvua aliuliza swali moja tu. "Ikisema yuko hai, nitajua kwa hakika?"

"Utajua kwamba mto haukumchukua."

"Basi fungua, shemeji. Lolote ni afadhali kuliko hili."

Kifuniko cha juu kilikuwa kimekamata. Zaidi alikigongagonga pembeni kwa nyundo ya mti mpaka kikainuka, na pistoni sita zikaonekana, nyeusi, zimetulia. Mwalimu Sihaba alileta rula ya darasani. Ally, aliyekuwa amekataa kuigusa, ndiye aliyeshika spana.

Katika injini ya namna hii pistoni hupanda mbili mbili. Zaidi aliamuru, Ally akazungusha. Ikapanda ya kwanza na ya sita, zikafika juu pamoja. Sihaba akalaza rula, haikuacha upenyo. Ikazungushwa tena. Ya tatu na ya nne zikapanda, zikafika sawa. Mitesh alikuwa akitafuna ukucha. Mwamvua amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, haangalii injini bali uso wa Zaidi.

Zikabaki ya pili na ya tano.

Zilianza kupanda pamoja. Karibu na juu, ya tano ikasimama. Ya pili ikaendelea peke yake mpaka ikafika ukingoni. Sihaba akalaza rula juu ya ya tano, akatoa shilingi mfukoni, akaipitisha chini ya rula. Ikapita. Akaweka shilingi nyingine juu yake. Zikapita zote mbili.

Zaidi alilala chali chini ya injini, akafungua sahani ya oili, akaiangalia konrodi ya tano kwa mwanga wa tochi, na akakaa huko chini muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu.

"Imepinda, shemeji," alisema akiwa hukohuko, uso wake hauonekani. "Alikuwa anaendesha."

Mwamvua hakupiga yowe. Alisema, "Kumbe hakuniacha." Akalirudia mara ya pili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Machozi yakaja baadaye, na yalipokuja hayakuwa na haya.

*

Ally alikwenda Nyamisati siku ileile, akarudi na Seleman, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeiuza injini. Seleman ni mtu mnene mwenye sauti nyororo. Alianza na Dubai, akaishia kutazama miguu yake.

Mto ulihama, alikiri. Mwaka wa pili baada ya mafuriko yale uliacha njia yake chini ya kivuko ukajichimbia nyingine, na palipokuwa na kilindi pakawa shamba. Mama mmoja aitwaye Tabu akapanda mpunga. Jembe lake likagonga bati. Seleman akaitwa Novemba iliyopita, yeye na vijana wake wakachimba upande wa mbele tu, wakafungua boneti, wakang'oa injini, wakafukia. Masika mapya yalipokuja mama akapanda tena palepale.

"Na ndani ya gari?" aliuliza Zaidi.

"Kumejaa mchanga, kaka. Vioo vimepandishwa. Milango imefungwa yote miwili." Seleman alimeza mate. "Vijana walitaka viti. Mimi niliweka mkono kwenye kitasa nikaona damu inanisisimka. Nikasema, tuondokeni. Wallahi hatukufungua."

Zaidi anasema alitamani kumpiga. Hakumpiga. Alikumbuka kwamba huyu alificha gari kwa miezi saba, na yeye alimficha mtu kwa miaka minne kwa neno moja. Madumu mawili ya petroli, ambayo aliyafanya ushahidi wa kutoroka, yalikuwa kwa sababu kusini mwa mto hakuna pa kununua mafuta. Kila dereva wa Kibiti analijua hilo. Alilijua na yeye.

Jumapili walikwenda kwa sheikh, wote, hata Mitesh aliyesubiri barazani. Zaidi aliiweka konrodi iliyopinda juu ya mkeka na kuufuta ushahidi wake wa zamani kwa mdomo wake mwenyewe. Sheikh alikigeuza kile chuma mkononi kwa muda, akauliza maswali, akaagiza Seleman aape. Kisha akamwambia Mwamvua kwamba ni mjane, na kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Miezi minne na siku kumi zake zilikwisha Agosti 1990.

"Zilikwisha nikiwa wapi?" aliuliza Mwamvua. "Mimi nilikuwa nalima. Nilikuwa nauza maandazi. Nilivaa nguo nyekundu harusini kwa mdogo wangu. Nimekaa eda bila kuambiwa?"



*

Mashauri ya injini gerejini yamekwisha bila kura. Gari la Mitesh litawekewa ile silinda nne, na Mwalimu Sihaba amekuwa muungwana, hajajisifu zaidi ya mara mbili. Ile ya silinda sita Mitesh amemkabidhi Mwamvua. Alipoulizwa hasara yake, alisema, "Ningekaaje kwenye kiti cha gari nikijua mbele yangu kuna nini?"

Taarifa imepelekwa serikali ya kijiji na polisi. Kuchimba kutafanyika wiki mbili zijazo, kwa kuwa mpunga wa Mama Tabu umekomaa juu ya gari na mama huyo, mwenye wajukuu saba, ameomba kwanza avune. Watu walidhani Mwamvua atakataa. Badala yake amekwenda kumsaidia. Amepewa ngwe iliyo palepale, na majirani wanasema anavuna taratibu mno, anaweka mguu chini kama anayepita chumba cha mgonjwa aliyelala.

Sanda ameshainunua dukani kwa kina Mitesh. Mitesh alipopima, Mwamvua alimwambia aongeze dhiraa nzima. "Alikuwa mrefu," alisema. "Msimpunje."

Zaidi amekwishawaambia polisi, kijiji na vijana wa majembe ombi lake moja. Anataka watu wote wasogee mbali kidogo gari likishafukuliwa, hata Mwamvua.

"Mimi ndiye niliyesema amekwenda," anasema, akipangusa mikono. "Mlango nitaufungua mimi. Nimwombe radhi kwanza, ndipo watu waanze kumlilia."